Laptopu ya zamani, RAM ya GB 2 na printa ya Canon: Linux ipi inafaa kwa sekretaria?

«Niko na sekretaria ndogo njia ya Kasapa, hapa Lubumbashi. Nachapia wanafunzi TFC (kazi ya kumaliza masomo) na barua za staji, naprinti, nawafungulia barua pepe. Mashini yangu ni Dell Latitude E6400, RAM GB 2, diski GB 160, Windows 7. Inachelewa kuwaka mpaka mteja anaenda kwa jirani. Chrome inasema mfumo wangu ni wa zamani, na kila kle (flashi ya USB) ya mwanafunzi inaniachia virusi, folda zote zinageuka njia za mkato. Kijana mmoja aliniwekea Ubuntu, ikawa nzito kuliko Windows, nikamwomba arudishe. Mwingine anasema Puppy ndiyo nyepesi. Wa tatu anasema nisijisumbue, mashini ni ya biti 32 na Linux za leo haziingii. Mimi sijui kuandika amri kwenye dirisha jeusi. Nataka kitu ambacho hata binti anayenisaidia ataweza kukitumia, faili za Word zifunguke vizuri, na printa yangu Canon LBP2900 ifanye kazi. Nichague ipi, na nikishindwa narudije nyuma?»

Mama, umeuliza mambo matatu kwa pamoja: mashini nzito, mfumo uliopitwa na wakati, na printa. Mawili ya kwanza yana dawa. Hilo la printa ndilo linaloweza kukufungia kazi siku ya kwanza, kwa hiyo usimruhusu mtu yeyote afute Windows yako kabla hujamaliza kusoma sehemu hiyo.

Nianze na kijana wa tatu, maana amekosea. Dirisha la Windows linaloonyesha «mfumo wa biti 32» linazungumzia Windows iliyosakinishwa, halizungumzii prosesa. Windows ya biti 32 inakaa bila shida kwenye prosesa ya biti 64, na watu wengi waliisakinisha hivyo kwa sababu ndiyo CD waliyokuwa nayo. Latitude E6400 ilitoka mwaka 2008 na prosesa ya Core 2 Duo, na Core 2 Duo zote ni za biti 64. Kwa hiyo Linux za leo zinaingia. Laptopu ambazo kweli ni za biti 32 ni zile ndogo za inchi 9 au 10 zenye Atom N270, na za zamani zaidi zenye Pentium M. Wenye hizo wana shida ya kweli: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32, na Firefox ya kawaida kwa Linux ya biti 32 iliishia toleo la 144. Ukitaka kununua laptopu ya pili sokoni, hilo ndilo la kuuliza kwanza.

Kijana wa Ubuntu hakukosea kukuletea Linux, alikuletea iliyo nzito. Linux, yaani mfumo unaochukua nafasi ya Windows, si kitu kimoja. Kiini ni kilekile, lakini juu yake kila distro, yaani kila toleo la Linux, inaweka eneo-kazi lake, yaani menyu, madirisha, mabango ya arifa, na hapo ndipo uzito unapotofautiana sana. Ubuntu ya kawaida inatumia GNOME, ambayo inameza zaidi ya GB 1 kabla hujafungua faili hata moja, na waundaji wake wenyewe wanataka RAM ya GB 4 kwenda juu. Zaidi ya hayo, Ubuntu ya leo inaleta Firefox katika mfumo wa snap, kifurushi kilichobanwa ambacho lazima kifunguliwe kutoka diskini kila mashini inapowaka upya. Kwenye diski yako ya kuzunguka, kuifungua Firefox mara ya kwanza asubuhi kunachosha moyo. Kwa hiyo jaribio lile lilikuonyesha udhaifu wa toleo moja tu.

Sasa tuone uzito unatoka wapi, kwa sababu bila kulielewa hili utabadilisha distro tano na bado utabaki palepale.

RAM yako ya GB 2 inabeba kila kilichofunguliwa: mfumo, kinga ya virusi, Word, kivinjari. Ikijaa, mfumo haukatai kazi. Unachukua vipande vilivyotulia na kuvihamishia diskini kwa muda, halafu unavirudisha vikihitajika. Tatizo ni kwamba diski ya kuzunguka ina sindano inayosafiri kutafuta kila kipande, na safari moja inachukua karibu milisekunde 12 hadi 15. Hizo ni safari chini ya mia kwa sekunde. Kila kipande ni KB 4 tu, kwa hiyo diski inayonakili filamu kwa makumi ya MB kwa sekunde, kwenye kazi hii ya kuhamahama haifikii hata nusu MB. Angalia taa ndogo ya diski siku mashini inapoganda: utaona inawaka bila kupepesa, na prosesa iko karibu bure. SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, haina sindano, na hata ya bei ya chini inashughulikia maelfu ya vipande hivyo kwa sekunde.

Distro nyepesi inapunguza ile sehemu ya RAM inayoliwa na mfumo. Haipunguzi uzito wa Gmail, Facebook wala WhatsApp Web. Kurasa hizo zinakula mamia ya MB kila moja, kwenye Windows, kwenye Mint, kwenye Puppy, kokote. Anayekuahidi kwamba Linux fulani itafungua vichupo kumi kwenye GB 2 hakuelezi ukweli. Kwa GB 2, Linux nzuri itakupa LibreOffice na vichupo viwili au vitatu bila kuganda.

Ndiyo maana ningetumia pesa kwenye vipuri viwili kabla ya kufikiria distro. Cha kwanza ni RAM. E6400 inakula DDR2 ya laptopu yenye pini 200, iliyoandikwa PC2-6400, na ina nafasi mbili. Weka GB 2 mbili zifike GB 4. Bodi inakubali hadi GB 8, lakini vipande vya DDR2 vya GB 4 ni adimu na ghali kuliko thamani ya mashini. Nenda sokoni na kipande cha zamani mkononi, kwa sababu wauzaji wengi watakupa DDR3, ambayo ina pini 204 na kijino kimekaa mahali pengine. Kisipoingia kwa urahisi, usikilazimishe. Kipuri cha pili ni SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 120 au 240. Zile nyembamba kama ubao wa RAM, ziitwazo M.2, haziingii hapa. Utaambiwa pia kwamba bodi ya zamani itaibana kasi ya SSD. Ni kweli, lakini faida yako inatokana na kuondoa safari za sindano, na hiyo unaipata yote.

Ukilazimika kuchagua kimoja, na kivinjari unakifungua siku nzima, anza na RAM. Kama kazi kubwa ni kuchapa tu, anza na SSD.

SSD inajibu pia swali lako la kurudi nyuma. Unatoa diski ya Windows, unaifunga kwenye karatasi kavu, unaandika tarehe juu yake na kuiweka mahali pa salama. Linux inaingia kwenye SSD mpya. Siku ukiona mambo hayaendi, unafungua skrubu, unarudisha diski ya zamani, na Windows yako iko kama ulivyoiacha, faili za wateja ndani.

Kabla ya hapo, kagua mambo mawili ambayo hayana uhusiano na Linux kabisa. Laptopu za Dell zinatambua chaja yake kupitia kipini cha katikati ya plagi. Chaja ya kuiga, au ambayo waya wake mwembamba wa ndani umekatika, inaleta umeme lakini haijitambulishi. Mashini ikiwaka unaona ujumbe kwamba aina ya chaja haijulikani, betri haichaji, na prosesa inajishusha kasi kwa makusudi. Wengi wanabonyeza kitufe kupita ujumbe huo kila asubuhi kwa miaka, huku wakilaumu Windows. Ukiuona, badilisha chaja kwanza: volti 19.5, wati 65 au 90, yenye kipini kinachotambulika.

La pili ni vumbi. Kiangazi cha Lubumbashi kinajaza vumbi jekundu katikati ya feni na mapezi ya shaba yanayotoa joto nje, na likishikamana linakuwa kama kitambaa. Prosesa ikipata moto kupita kiasi, inajipunguza kasi. Feni inayovuma muda wote, na hewa ya moto inayotoka kidogo sana kwenye tundu la pembeni, ndiyo dalili. Kupuliza kutoka nje kunasukuma vumbi ndani zaidi. Lazima ifunguliwe, isafishwe kwa brashi, na ile dawa ya kijivu iliyopakwa juu ya prosesa ipakwe upya.

Sasa distro. Ukifika GB 4 na SSD, jibu langu ni moja: Linux Mint, toleo la Xfce. Menyu iko chini kushoto, saa chini kulia, madirisha yanafungwa kwenye kona ileile uliyoizoea. Binti yako hatahitaji dirisha jeusi kwa kazi za kila siku. Mfululizo wa 22 umejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na utapata marekebisho ya usalama hadi 2029, lakini Mint imeondoa snap, Firefox inakuja kama programu ya kawaida na inafunguka haraka zaidi. Ukurasa wa kupakua una matoleo matatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Cinnamon ndilo zuri zaidi kwa macho na ndilo wengi wanalochukua bila kufikiri. Kwenye kadi ya picha ya mashini yako litakuwa zito. Chukua Xfce.

Ukibaki na GB 2, Mint Xfce itaingia, maana GB 2 ndiyo kiwango chake cha chini, lakini utaishi ukingoni. Hapo ningekupeleka kwa Q4OS yenye eneo-kazi la Trinity, au MX Linux toleo la Fluxbox. Zote mbili zimejengwa juu ya Debian. Trinity inafanana sana na Windows za zamani, na kwa mtu aliyetoka Windows 7 ndiyo rahisi kuizoea. MX inahitaji siku chache zaidi, ila ina chombo cha kupiga nakala ya mfumo wako wote, pamoja na programu ulizoweka, na kuifanya kisakinishi kipya kwenye kle. Siku mashini ikiharibika, unasakinisha kwenye nyingine bila kununua mega za intaneti upya. Lubuntu nayo ni nyepesi na watu wataipendekeza, lakini inarithi ile Firefox ya snap, kwa hiyo kwa diski ya kuzunguka siipendi.

AntiX ni nyepesi kuliko zote hizi na ni kazi ya watu makini. Ningemwekea mtu anayependa kujifunza. Kwa sekretaria yenye foleni, menyu zake zitawachanganya. Na Puppy: ni kweli inapakia mfumo wote ndani ya RAM na inashangaza kwa kasi. Lakini kwa kawaida inakuendesha ukiwa na mamlaka yote ya msimamizi, na kazi yako inahifadhiwa ndani ya faili moja kubwa la pekee. Umeme ukikatika vibaya wakati faili hilo linaandikwa, unaweza kupoteza mengi kwa mara moja. Ni chombo kizuri sana cha kuokolea faili kutoka mashini iliyokufa. Usiweke TFC za watu humo.

Tufike kwenye printa. Canon LBP2900 haielewi lugha za kawaida za printa. Inategemea draiva (programu inayowezesha mashini kuzungumza na printa) iitwayo CAPT, na draiva ya Canon ya Linux kwa aina hii ni ya zamani, iliandikwa kwa mifumo iliyopita, na kuiingiza kwenye Mint ya leo ni kazi ya amri nyingi ambazo hujazoea. Ipo pia draiva iliyotengenezwa na wajitoleaji, ambayo inaweza kuichapisha LBP2900, lakini inahitaji kujengwa kutoka msimbo wake na haina uhakika wa kiwandani. Sitaki uanze Jumatatu na wanafunzi kumi mlangoni huku printa imenyamaza.

Njia zako ni hizi. Kama una mashini nyingine yoyote yenye Windows, hata dhaifu, iache iwe ya printa tu, bila intaneti. Unachapa kwenye Linux, unatoa PDF, unaipeleka kwa kle. Au badilisha printa: nyingi za Epson za wino wa chupa, mfululizo wa L, zina draiva huru inayopatikana ndani ya Mint, na HP LaserJet P1102 inafanya kazi kwa programu ya HP iitwayo hplip, ila lazima uwe na intaneti mara moja ili ipakue kijalizo chake. Au mpe fundi anayejua Linux ajaribu CAPT kwenye SSD wakati diski ya Windows iko salama nje, na umlipe ukurasa wa tatu ukishatoka, si wa kwanza, kwa sababu draiva hii ina tabia ya kuchapa mara moja na kuganda. Kuweka Windows na Linux kwenye mashini moja na kuzima na kuwasha kila mteja anapotaka kuprinti, sikushauri. Utachoka kabla ya saa sita na kurudi Windows moja kwa moja.

Ukishaamua, fanya hivi. Nakili kwanza faili zote za wateja kwenye diski ya nje, hata kama diski ya zamani itabaki. Pakua faili la ISO, yaani faili moja lenye mfumo wote wa kusakinisha, kutoka tovuti rasmi ya Mint. Ni karibu GB 3, kwa hiyo tafuta mahali penye mtandao mzuri, na ukiweza tumia torenti, maana inaendelea ilipokatikia na inajikagua yenyewe. Ukipakua kwa kivinjari, kagua faili kabla ya kulitumia: fungua dirisha la amri la Windows ndani ya folda lilipo, andika `certutil -hashfile` ikifuatiwa na jina la faili na neno `SHA256`, kisha linganisha mstari unaotoka na ulio kwenye tovuti. Hiyo ndiyo mara ya pekee nitakayokuomba dirisha jeusi kabla ya kusakinisha. ISO iliyokatika katikati ndiyo chanzo cha usakinishaji mwingi unaokwama na kulaumiwa mashini.

Kuandika ISO kwenye kle, tumia programu ya Rufus, lakini toleo la 3.22. Kuanzia 4.0 Rufus haifanyi kazi tena kwenye Windows 7, na wengi wanakwama hapo bila kujua sababu. Kle iwe ya GB 8 na isiwe na kitu ndani, kwa sababu itafutwa. Ujihadhari na kle za sokoni zilizoandikwa GB nyingi kwa bei ya ajabu. Nyingine zinadanganya ukubwa, na uandishi unaharibika katikati. Kunakili ISO kwa kuburuta kama faili la kawaida hakutoshi, mashini haitawaka nayo.

Zima, chomeka kle, washa huku ukigonga F12, chagua kle kwenye orodha. Mint itawaka bila kugusa diski. Usihukumu kasi hapa, kle ni polepole. Kagua sauti, mwanga wa kioo, kulala na kuamka, na Wi-Fi. E6400 nyingine zina kadi ya Intel, inayofanya kazi papo hapo. Nyingine zina ya Broadcom, na hapo hutaona mtandao wowote. Usiogope. Chomeka simu kwa waya na uwashe kushiriki intaneti kwa USB, Mint itaitambua mara moja, kisha baada ya kusakinisha utafungua msimamizi wa draiva kwenye menyu na kuchagua draiva ya Broadcom.

Kibodi inastahili dakika yako nzima. Mashini zilizopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mara nyingi zina herufi zilizopangwa kwa QWERTY, za kutoka Ulaya zina AZERTY, na AZERTY ya Ubelgiji si sawa na ya Ufaransa: herufi zinafanana, alama zinahama. Kisakinishi kinakupa nafasi ya kujaribu. Andika hapo a, q, m, @ na tarakimu zote. Ukichagua vibaya kisha ukaweka nenosiri lenye a au q, unaweza kujikuta nje ya mashini yako mwenyewe siku ukirekebisha kibodi.

Kwenye swali la diski, kama ni SSD mpya na diski ya zamani imetoka, chagua kufuta yote na kusakinisha. Kataa usimbaji wa folda ya nyumbani, yaani kufunga faili zako kwa siri. Prosesa hii haina maelekezo maalumu ya kazi hiyo na kila faili litakuwa zito. Chagua Kifaransa au lugha mnayoitumia kazini, maana menyu za LibreOffice mtakazoelezana na wateja ni hizo.

Baada ya kuwaka, acha masasisho ya kwanza yaishe siku ambayo una mega za kutosha. Kama umebaki na GB 2, weka zram: fungua dirisha la amri, andika `sudo apt install zram-tools`, basi. Inatenga sehemu ya RAM na kubana ndani yake vile vipande ambavyo vingepelekwa diskini. Data nyingi hubanwa mara mbili hadi tatu, na kubana kunaigharimu prosesa kidogo sana kuliko safari ya sindano. Halafu zima vivuli na uwazi wa madirisha kwenye mipangilio ya Xfce, na kwenye duka la programu epuka zile za Flatpak (aina nyingine ya vifurushi, kama snap) panapokuwa na toleo la kawaida. Kifurushi kimoja cha Flatpak kinaweza kupakua mamia ya MB ya ziada.

Kwa faili za Word, kinachovuruga TFC ni fonti kuliko LibreOffice yenyewe. Times New Roman na Arial zinabadilishwa na Liberation, ambazo upana wa kila herufi ni uleule, kwa hiyo kurasa hazihami. Kwa Calibri na Cambria hakikisha vifurushi `fonts-crosextra-carlito` na `fonts-crosextra-caladea` vipo, vinafanya kazi hiyohiyo. Bila hivyo utashangaa kwa nini ukurasa wa 40 umekuwa wa 43 na jedwali la yaliyomo halisemi kweli. Weka LibreOffice ihifadhi kwa docx kama kawaida yake, na mpe mwanafunzi PDF pamoja na docx. Majedwali yaliyopachikwa ndani ya majedwali na milinganyo ya hesabu yakague kwa macho, hayo bado yanateleza. Na kwa kuwa betri yako pengine imekufa na umeme unakatika bila taarifa, weka kujihifadhi kila dakika 3. Kawaida yake ni 10.

Virusi vya kle: ile ya njia za mkato inaficha folda za kweli na kuweka mahali pake faili zinazoishia na .lnk, zinazoendesha programu ya Windows. Linux haiziendeshi, na kwa kawaida folda zilizofichwa utaziona wazi. Wakati mwingine zimesukumwa ndani ya folda ambayo jina lake linaonekana tupu. Nakili kilicho cha mteja, futa .lnk na .vbs, mrudishie kle safi. Lakini elewa kwamba mashini yako haiambukizwi, kle bado inaweza kubeba. Usinakili folda nzima za kle kwenye SSD kisha ukazigawa kwa wengine.

Kosa moja la mwisho linalowapoteza watu: saa. Betri ndogo ya bodi ikifa, kila umeme unapokatika tarehe inarudi miaka nyuma. Kivinjari kitakataa tovuti zote kikisema cheti si halali, na masasisho yatasema faili za hazina (ghala la programu mtandaoni) bado hazijaanza kutumika. Kabla ya kusakinisha upya chochote, tazama tarehe.

Nenda kwa fundi ana kwa ana kama diski inagonga tak-tak, kama betri kubwa imevimba na kuinua sehemu ya kipanya, kama mashini inajizima ikipata moto, au kama inalia mara kadhaa badala ya kuwaka baada ya kubadilisha RAM. Diski inayogonga usiiwashe tena na tena kujaribu bahati. Kila uwashaji unapunguza nafasi ya kuokoa faili za wateja. Kabla ya kuacha mashini kwake, piga picha ya lebo za RAM, diski na SSD zikiwa ndani, na ukirudi fungua pamoja naye mlinganishe. Mwambie pia kwa maneno wazi, mbele ya binti yako, kwamba diski ya Windows haifutwi.